Window imegoma kwenye kompyuta mpya: ulizia kwanza imekwama wapi

Mtu ameagiza vipuri kimoja kimoja, kila mshahara ukitoka. Kasha limekuja kwa boti kutoka Dar, prosesa ameletewa na jamaa aliyetoka Dubai, mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) ameipata dukani Darajani. Amefunga kila kitu kwa mikono yake, ametia flashi ya Window, na sasa skrini inamwambia kwa Kiingereza kigumu kwamba diski haifai, au faili halisomeki, au haimwambii chochote. Hapo wengi wetu hufanya jambo moja tu: tunapiga Window upya. Ikigoma, tunabadilisha flashi. Ikigoma tena tunapeleka kwa fundi, na fundi naye anaanza kwa kupiga Window upya.

Vijana wengi wa Unguja na Pemba wanafunga kompyuta zao wenyewe siku hizi, kwa ajili ya kuhariri video, kuchora ramani za nyumba, kucheza gemu au kusomea. Pesa inayokwenda kwenye kubadilisha kipuri kisicho na kosa ni pesa ya watu wasio nayo ya kupoteza. Ndiyo maana jambo hili linahitaji kuelezwa taratibu.

La kulielewa mwanzo ni kwamba programu ya kusakinisha mfumo, uwe Window au Linux, ndiyo ya kwanza kuifanyisha kompyuta mpya kazi nzito ya pamoja. Kabla yake mazabodi imezungusha feni na kuonesha nembo, basi. Programu hii inasoma gigabaiti kadhaa kutoka kwenye flashi, inazifungua ndani ya memori (RAM), prosesa inazikokotoa, kisha zinaandikwa kwenye diski, mfululizo bila kupumzika. Kipuri chochote chenye udhaifu kitajionesha hapo. Kwa hivyo ujumbe unaousoma unatoka kwa aliyekuwa na zamu ya mwisho, na mara nyingi yeye siye mwenye kosa.

Mzigo ulioagiza kutoka bara usipokufikia nyumbani, hukimbilii kumgombeza mchukuzi wa mkokoteni. Unauliza: meli imefika Malindi? Umeshushwa? Umetoka bandarini? Nani aliukabidhi kwa nani? Kompyuta nayo ina makabidhiano yake. Umeme unafika kwenye mazabodi, BIOS (programu iliyomo ndani ya mazabodi yenyewe) inaamsha prosesa na memori, inatafuta kadi ya picha na diski, inaikabidhi flashi kazi, flashi inapakia programu ya kusakinisha, programu inaandika diski, na mwisho diski inawasha mfumo peke yake. Ukijua ni makabidhiano gani yamekatika, sehemu kubwa ya vipuri unavyovishuku inakuwa imeshatoka kwenye hesabu.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hali hii inatisha, na mara nyingi haina ubaya wowote. Angalia kebo ya skrini imechomekwa wapi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, kama Core i5-12400F, hazina sehemu ya picha ndani yake. Ryzen 5 5600 nayo haina, tafauti na ndugu yake 5600G. Ukiwa na prosesa ya namna hiyo, tundu la HDMI la kwenye mazabodi halitatoa kitu. Kebo ichomekwe kwenye kadi ya picha. Na kama kadi yenyewe ina mahala pa kuchomeka waya wa umeme kutoka pawa saplai, waya huo usisahauliwe.

Jengine ni subira. Mashine zenye memori ya DDR5, khasa za AMD za soketi ya AM5, zikiwashwa kwa mara ya kwanza huipima memori na kuizoea kabla ya kuonesha lolote, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Asiyejua huzima baada ya nusu dakika, huwasha, huzima tena, na kila akizima zoezi linaanza upya. Iache ifanye kazi yake. Robo saa ikipita bila kitu, hapo fungua kasha.

Ukiwa na vijiti viwili vya memori kwenye mazabodi ya sloti nne, mahala pake ni sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Visukume mpaka usikie vimefunga. Mazabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (memori), VGA (kadi ya picha) na BOOT (kuwasha mfumo), na kitaa kinachobaki kinawaka ndicho kinachokuonesha kazi imekwama kwa nani. Kitaa cha BOOT kikibaki kinawaka kwenye kompyuta isiyo na mfumo bado, usihangaike nacho: mazabodi inasema tu kwamba haijapata cha kuwasha.

Kwa vipuri vya mtumba, hapa kwetu kuna chumvi. Hewa ya bahari na unyevu wa Masika huacha utando kwenye meno ya memori na ya kadi ya picha, na kijiti kilichokaa miaka kwenye ofisi iliyo karibu na pwani kinaweza kusomeka leo na kukataa kesho. Chomoa umeme, kitoe, kipanguse kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo spiriti safi, kiache kikauke, kirudishe. Ni kazi ya dakika chache na imeokoa memori nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kufa.

Kisha kuna BIOS iliyopitwa na wakati. Mazabodi za B660 zilitoka mwanzoni mwa 2022, na prosesa za Intel za kizazi cha 13 zikafuata mwishoni mwa mwaka huo huo. Za B450 ni za 2018, Ryzen 5000 ni za mwisho wa 2020. Mazabodi iliyokaa stoo tangu mwanzo haiijui prosesa mpya, hata kama soketi ni ile ile na imeingia vizuri kabisa. Dawa yake ni kuisasisha BIOS, na baadhi ya mazabodi zina kitufe cha nyuma kinachosasisha kwa flashi yenye faili la BIOS bila hata kuhitaji prosesa.

Lakini kusasisha BIOS ndiyo kazi pekee katika makala hii inayoweza kuiua mazabodi moja kwa moja, iwapo umeme utakatika katikati. Sisi visiwani umeme wetu unapita chini ya bahari: wa Unguja unatoka Ras Kiromoni na kutokea Fumba, wa Pemba unatoka upande wa Tanga. Waliopitia giza la 2008, na lile refu zaidi la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa maana ya kuutegemea waya mmoja. Hali imebadilika sana tangu hapo, ila BIOS haihitaji giza la miezi. Kukatika kwa sekunde tatu kunatosha. Usiisasishe bila UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Kama huna, azima kwa rafiki, au ipeleke mashine ofisini penye UPS. Na ikiwa kompyuta inawaka vizuri na prosesa inatambuliwa, usiiguse BIOS kwa sababu tu umeona kuna toleo jipya.

Flashi ya kupokezana

Skrini imewaka, umeingia BIOS, memori na prosesa vyote vinaonekana. Sasa zamu ni ya flashi, na hapa nitasema wazi: flashi ndiyo ninayoishuku mwanzo kuliko kipuri chochote.

Madukani zipo flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani yake zina GB 8 tu za kweli. Zimechezewa ili zijitangaze kuwa kubwa. Unapoziandikia, zinakubali kila kitu bila malalamiko, na zikishajaa zinaandika juu ya ulichokwisha kuandika au zinatupa data hewani. Faili la ISO la Window 11, yaani faili moja lililobeba Window nzima, limepita GB 5, kwa hivyo flashi kama hiyo yenye vitu vingine inaweza kuonekana imekamilika huku nusu yake ni takataka. Programu ya bure ya H2testw kwenye Window, au F3 kwenye Linux, hujaza nafasi yote iliyo wazi kwenye flashi kisha huisoma tena na kukwambia ukubwa wake wa kweli. Ifanye kazi hiyo kabla ya kuilaumu mashine. Ili ipimwe nzima flashi iwe tupu, kwa hivyo hamisha vitu vyako kwanza.

Halafu tuangalie kilichomo ndani ya flashi. Kuna Window zinazopokezana mkono kwa mkono, duka hadi duka, kutoka mjini hadi Wete, zimeshatiwa programu na kupunguzwa hili na lile na mtu asiyejulikana. Sizipendekezi kwa yeyote. Mbali na hatari ya virusi, ukipata hitilafu hutajua kama ni mashine yako au ni mkono wa aliyeichezea. Shusha kutoka Microsoft wenyewe, au Linux kutoka kwa waundaji wake. Najua bando ni ghali. Tafuta penye waifai nzuri ushushe mara moja, ulihifadhi faili. Ukimaliza kushusha, hakiki alama yake ya SHA-256. Kwenye Window ni amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, kwenye Linux ni sha256sum. Mstari mrefu utakaotokea ulingane na uliochapishwa na mwenye faili. Tafauti ya herufi moja maana yake faili limeharibika njiani, jambo la kawaida kwa upakuaji uliokatika na kuunganishwa mara nyingi.

Namna ya kuiandika flashi nayo ina mtego wake. BIOS za kisasa, ambazo jina lake halisi ni UEFI, kwa kanuni husoma flashi iliyopangwa kwa FAT32. Mpangilio huo hauwezi kubeba faili moja la kufikia GB 4, na ndani ya ISO ya Window faili linaloitwa install.wim mara nyingi limepita hapo. Anayefungua ISO na kunakili vitu kwa mkono atakwamishwa na faili hilo moja, au atabadilisha flashi iwe NTFS na mazabodi nyingi zikatae kuiwasha. Chombo cha Microsoft wenyewe cha kutengeneza flashi kinalikwepa tatizo kwa kutumia faili lililobanwa zaidi, na programu ya bure iitwayo Rufus inalitatua kwa njia yake. Tumia kimojawapo. Ndani ya Rufus chagua GPT (nitaieleza mbele) na UEFI, na utakuwa umejikinga na sehemu kubwa ya matatizo ya diski.

Diski haionekani, au inaonekana ikakataliwa

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, kwa sababu matatizo matatu yasiyohusiana yanapewa jina moja: Window haioni diski. Yatenganishe kwa swali moja. Je, diski inaonekana ndani ya BIOS?

Ikiwa hata BIOS haiioni, usiguse Window. Kosa ni la vyuma. Diski ndogo za M.2 zinafanana kwa umbo lakini ni za aina mbili, NVMe na SATA, na kuna matundu ya M.2 yanayokubali NVMe tu. Itazame diski yenyewe: ya SATA mara nyingi ina pengo mbili kwenye meno yake, ya NVMe mara nyingi ina pengo moja. Jengine lisilojulikana sana ni kwamba kwenye mazabodi nyingi tundu la M.2 na baadhi ya matundu ya SATA yanagawana njia moja; ukichomeka M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika kimya kimya. Kitabu cha mazabodi kinaeleza ni yapi. Hamisha kebo ya SATA kwenye tundu jengine, na diski uliyodhani imekufa itarudi.

Ikiwa BIOS inaiona lakini programu ya kusakinisha haiioni, tatizo ni draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kipuri, na hapa nataka tusimame kidogo. Chukua mfano wa kijana wa Chake Chake aliyefunga mashine ya Intel ya kizazi cha 12 kwa diski mpya ya NVMe. BIOS inaitaja diski kwa jina na ukubwa wake. Anatia flashi, anachagua lugha, anafika ukurasa wa kuchagua pa kuweka Window, na orodha iko tupu. Kwenye ukurasa huo kuna maneno yanayomtaka apakie draiva. Atakachowaza ni kwamba diski ni mbovu, na atairudisha dukani, na wa dukani ataitia kwenye mashine nyingine ikafanya kazi, na ugomvi utaanza.

Kilichotokea ni kwamba prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kipengele kiitwacho VMD, kinachojiweka mbele ya diski za NVMe kwa ajili ya mambo ya RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja. Kikiwa kimewashwa, programu ya Window haizungumzi na diski moja kwa moja. Inahitaji draiva ya Intel RST, na mara nyingi haina. Baadhi ya mazabodi huja kimezimwa, baadhi kimewashwa. Kwa kompyuta yenye diski moja ya kawaida, ingia BIOS, tafuta VMD, izime, hifadhi, anza upya, na diski itatokea kwenye orodha. Asiyetaka kuizima ashushe draiva ya RST kwa kompyuta nyingine, aifungue iwe folda ya kawaida, aitie kwenye flashi ile ile, kisha abonyeze sehemu ya kupakia draiva na kuielekeza kwenye folda hiyo. Uamuzi huu ufanywe kabla ya kupiga Window. Ukigeuza VMD baada ya Window kuwemo, mfumo hautaiona diski yake wenyewe na utakataa kuwaka.

Kuna kipimo cha haraka ninachokipenda kwa hali hii: tia flashi ya Linux kama Ubuntu au Mint na iwashe bila kusakinisha. Mara nyingi Linux ina draiva ambazo flashi ya Window haina. Ikiiona diski, basi diski ni nzima na huna haja ya kwenda kugombana na mtu dukani.

Hali ya tatu ni pale diski inapoonekana lakini Window inasema haiwezi kukaa humo. Soma ujumbe kwa makini, kwa sababu zipo mbili na zinapingana. Moja inalalamika kwamba diski ina jedwali la MBR, nyingine kwamba diski ni ya GPT. Hayo ni majedwali mawili ya kugawa diski. MBR ni ya tangu 1983, inaishia kwenye TB 2 na sehemu kuu nne. GPT ni ya kisasa na haina mipaka hiyo. UEFI inataka Window ikae kwenye GPT, na mtindo wa zamani wa BIOS unataka MBR.

Kwa hivyo kila ujumbe unakueleza flashi yako iliwashwa kwa mtindo gani. Ukibonyeza kitufe cha kuchagua cha kuwasha, ambacho kwa Gigabyte ni F12, kwa MSI na ASRock ni F11, kwa ASUS ni F8, flashi hiyo hiyo inaweza kuonekana mara mbili, moja ikiwa imetanguliwa na neno UEFI na nyingine bila. Ukichagua isiyo na UEFI, umeingia kwa mtindo wa zamani, na diski ya GPT itakataliwa. Dawa yake ni kutoka na kuchagua ile yenye neno UEFI, na kuizima CSM, sehemu ya BIOS inayoruhusu mtindo wa zamani, ili usijitokeze tena. Watu wengi hufanya kinyume: wanaigeuza diski nzuri ya GPT kuwa MBR ili ifanane na kosa lao la kuwasha, halafu wanashangaa Window 11 inakataa mbele ya safari.

Ukiwa umeingia kwa UEFI na diski inalalamikiwa ni MBR, hiyo mara nyingi ni diski iliyotoka kwenye mashine nyingine, maana diski mpya tupu hupangwa na programu yenyewe. Kama hakuna kitu unachokitaka ndani yake, futa sehemu zake zote kwenye ukurasa ule ule mpaka ibaki nafasi tupu moja, endelea. Ikishikilia, bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list disk, kisha select disk na namba yake, kisha clean. Amri hii ya mwisho haiulizi mara mbili. Soma ukubwa wa diski kabla ya kuichagua, na kwa usalama wako chomoa diski nyingine zote kabla hujaanza, zile za picha za harusi na kazi za skuli. Kuzichomoa kuna faida ya pili pia: Window ikikuta diski mbili huweza kuweka sehemu yake ya kuwashia kwenye ile usiyoikusudia, na siku ukiiondoa diski hiyo, kompyuta haiwaki.

Kwa Window 11 kuna lango jengine kabla ya yote haya: TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri), uwezo wa Secure Boot (ukaguzi wa mfumo unapowaka), memori ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa kawaida ni Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 na kuendelea. Ukiambiwa kompyuta haifai na vipuri ni vipya, mara nyingi TPM imezimwa tu. Kwa AMD itafute kwa jina fTPM, kwa Intel ni PTT. Kama prosesa ni ya mtumba ya kizazi cha 6 au 7, Rufus inaweza kukuvusha lango hilo, ila Microsoft hawatoi dhamana ya masasisho. Na Window 10 imekoma kupata msaada wa kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Kwa mashine hizo mimi nashauri Linux Mint, na sisemi hivyo kwa kujifariji.

Inakwama katikati

Window inanakili, inafika asilimia fulani, inasimama na namba kama 0x80070570 au 0x8007025D. Maana yake ya karibu ni kwamba kuna kitu hakikusomeka sawasawa. Usikimbilie kubadilisha diski. Jaribu tena na uandike asilimia iliyokwamia. Ikikwama pale pale kila mara, shuku flashi au ISO. Ikikwama mahala tafauti, mara 12, mara 67, mara ikazima skrini kwa rangi ya buluu, shuku memori au umeme.

Memori inaponzwa sana na XMP, au EXPO kwa upande wa AMD, ile sehemu ya BIOS inayoipandisha memori kwenye kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Kasi hiyo ni zaidi ya ile ya msingi, na si kila prosesa na mazabodi huivumilia. Izime wakati wa kusakinisha. Ikiendelea, acha kijiti kimoja tu, jaribu, kisha cha pili. Halafu iwashe kompyuta kwa flashi ya MemTest86, programu ya kupima memori, na iache ifanye kazi yake hadi mwisho, hata kama ni usiku kucha. Memori nzima haitoi kosa hata moja. Ukiona moja, hiyo inatosha kuirudisha dukani, na sasa unakwenda na picha ya skrini mkononi.

Kwa umeme, kama hitilafu hutokea jioni watu wanapowasha viyoyozi na haitokei alfajiri, umeshapata jibu. Pawa saplai ya bei ya chini hushindwa kuvumilia volti inayoyumba. Jaribu kupitia UPS au stabilaiza kabla ya kununua kitu.

Imeanza upya, ikarudi mwanzo

Baada ya kunakili, kompyuta inajizima na kuwaka. Ukiona inakuuliza lugha tena kama vile hakuna kilichofanyika, imeiwasha flashi badala ya diski. Chomoa flashi, iwashe tena, na Window itaendelea ilipoachia. Nimeona watu wakirudia kusakinisha kutwa nzima kwa sababu ya hili tu.

Kisha Window 11 inadai intaneti, na waifai ya mazabodi mpya haitambuliki kwa kukosa draiva. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wake wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB ndani ya simu. Kompyuta huiona simu kama kebo ya mtandao, na hapo unavuka. Zima masasisho ya simu kabla, la sivyo bando litakwisha njiani. Kama mtandao upo lakini kila kitu kinakataa kwa sababu za usalama, itazame tarehe ndani ya BIOS. Mazabodi iliyokaa muda mrefu ghalani inaweza kuwa na betri ya CR2032 iliyokwisha, na saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa huvifanya vyeti vya tovuti vionekane batili; Ubuntu nayo itakataa kushusha vifurushi.

Wenye kadi za Nvidia wanaosakinisha Linux wanaweza kupata skrini nyeusi mara tu wanapochagua kusakinisha. Kwenye orodha ya mwanzo chagua njia salama ya picha, au bonyeza E na uongeze neno nomodeset kwenye mstari unaoanza na linux, kisha utie draiva ya Nvidia mfumo ukishakaa.

Ukishafika kwenye meza ya Window, shusha draiva za chipset na za mtandao kutoka kwa mtengenezaji wa mazabodi yako kwa jina lake kamili lililoandikwa kwenye bodi yenyewe, kisha uzichomeke tena diski ulizozichomoa. XMP irudishe mwisho kabisa, peke yake, siku ambayo hukubadilisha kitu kingine. Mashine ikianza kujizima baada ya hapo, umeshajua ni kasi ya memori. Ishushe hatua moja, mathalan kutoka 3200 hadi 2933, na irudishe kwenye MemTest86.